Upande wa Nduma

Mama yangu alitoka Ukambani, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka na watu huchimba chini kutafuta maji. Kwa hiyo alipohamia Nairobi na kukuta mto unaotiririka mwaka mzima, hata kama unatiririka na uchafu wa viwanda, hakuweza kuupita hivi hivi. Alipata kipande cha ardhi kwenye bonde la Mto Ngong, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Tena. Hakikuwa chake wala cha mtu mwingine, na serikali ingeweza kukichukua wakati wowote. Akapanda nduma, ambazo wengine huziita magimbi.

Sikuzipenda zile nduma, na sioni haja ya kuficha. Nilipokuwa msichana, Jumapili baada ya kanisa wenzangu walikuwa wakienda kutembea, na mimi nafuata gambuti za mama hadi mtoni, nguo zangu nzuri nimezifunga kiunoni. Alikuwa mkali. Ukikanyaga mche alikusema njia nzima, na mkifika mlangoni anaanza upya kwa sababu ameona hukupangusa miguu. Hasira zangu nimezirithi kwake; waulizeni ninaofanya nao kazi.

Alipofariki tulimzika kwao, kwenye udongo mwekundu, siku nzima ya safari kutoka hapa. Mjini aliniachia sufuria, vitenge viwili na zile nduma. Ghafla nikazipenda. Kila Jumamosi nilikwenda kupalilia, kuondoa majani makavu, kuchimba chache za kuchemsha na nyingine za kuwapa majirani. Majani yake yalikuwa mapana yakinifika kiunoni, na nikiinama katikati yake sikuona Nairobi kabisa. Nilimkosa mama kila mahali, jikoni, kanisani, kwenye simu ambayo haikulia tena saa moja asubuhi, lakini pale kumkosa kulikuwa na kazi ya kufanya.

Mafunzo yalipokuja, hakuna aliyeyataka. Mimi ni karani wa usalama katika ghala moja la rangi kwenye eneo la viwanda, na barua ilisema kila kampuni iliyo karibu na mto itoe mtu mmoja akafundishwe, siku tano, namna ya kuzuia mafuta yakimwagika mtoni. Siku tano juani, kando ya maji yanayonuka. Wakubwa waliangaliana wao kwa wao, kisha wakaniangalia mimi. Nilijifanya nimeudhika, lakini moyoni nilifurahi, kwa sababu hema la mafunzo lilikuwa linapigwa karibu kabisa na nduma za mama.

Tulikuwa watu kama ishirini: wazimamoto, makarani wa viwandani, madereva wachache na wakazi waliochaguliwa kuwasemea watu wa mtoni. Mkufunzi wetu alikuwa mwanamke wa Mombasa, aliyezoea mafuta ya bandarini, na Kiswahili chake kilitufanya sote tukae wima kwenye viti. Siku ya kwanza alisimama ukingoni, akautazama mto wetu kwa muda, akacheka.

"Bahari yetu hukupa nafasi ya kufikiri," alisema. "Huu mwembamba una mbio. Basi mimi nitawafunza ninachokijua, na nyinyi mtanifunza mto wenu. Asiyeujua anyamaze, anayeujua aseme."

Kazi yake ngumu ilikuwa wazimamoto. Mzimamoto amefundishwa miaka yote kwamba akiona kitu kibaya barabarani, dawa ni maji. Mkufunzi alimwendea mkubwa wao, bwana mmoja wa makamo mwenye kifua mbele, akamweleza kwamba ukiyaosha mafuta barabarani yanaingia mtaroni, na mtaro unaishia mtoni, kwa hiyo umeyapeleka wewe mwenyewe. Yule bwana alibisha, akatoa mifano ya moto aliowahi kuuzima mpaka saa ya chai. Baada ya chai aliuliza maswali mengi kuliko sisi sote.

Kifaa chenyewe kilikuwa uzio wa kuelea, mrefu, wa rangi ya machungwa, tulioubatiza jina la nyoka. Unaufunga kamba huku na huku, ng'ambo na ng'ambo, na mafuta yakija juu ya maji yanaukuta. Kosa la kila mwanafunzi ni kuunyoosha moja kwa moja kukata mto. Ukifanya hivyo maji yanasukuma kwa nguvu na mafuta yanapita chini yake. Lazima ukae mshazari, ncha moja juu, maji yanakotoka, na nyingine chini, yanakokwenda, ili mafuta yateleze kando yake polepole mpaka ukingo uliouchagua, mahali maji yametulia na lori linaweza kufika kuyanyonya. Kwa hiyo kila nyoka anataka watu wawili wanaoelewana, mmoja kila upande, wakizungumza kwa mikono kwa sababu mto una kelele.

Mwenzangu wa kamba alikuwa mama mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mwosha magunia. Kwa miaka mingi amekuwa akiosha magunia yaliyotumika na kuyaanika kwenye changarawe za ng'ambo, mkabala na nduma zetu, kisha anayauza kwa watu wa makaa na viazi. Nilimjua kwa sura tu. Mama alikuwa akimpungia mkono, wakipigiana kelele juu ya maji kuhusu mvua na bei ya unga. Mimi sikuwahi kuvuka daraja kumsalimia. Sasa tulishika kamba moja siku nzima, na nikagundua ana akili kutushinda wengi. Ni yeye aliyesema magunia yake yajazwe maranda, yale mabaki ya randa ambayo maseremala hutupa, kwa sababu maranda makavu hunywa mafuta vizuri. Mkufunzi aliandika jambo hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Siku ya tatu tulipima mbio za mto kwa bisi. Tulimwaga gunia zima la bisi kutoka darajani, tukakimbia nazo ukingoni tukihesabu. Akina mama waliokuwa wakifua walisimama kutushangaa.

"Mnalisha nani?" mmoja akatuuliza.

"Samaki," nikamjibu.

"Samaki gani hapa? Leteni hizo bisi huku, sisi tuko na njaa."

Tulicheka sana siku hiyo. Tuliacha kuhesabu bisi zilipofika kwenye kona, kwa kuwa jua lilikuwa kali na chakula kilikuwa kimefika. Hakuna aliyefuata zilikokwenda baada ya kona. Baada ya kona ndiko ziliko nduma.

Siku ya nne ilikuwa ya ramani. Mkufunzi aliikunjua mezani akasema tuchague mahali pa kuyapeleka mafuta yakija kweli. Tulikubaliana kwamba daraja ni la kuweka watu wa kutazama, na baada ya kona ndipo pa kufungia nyoka. Akauliza ni nani anayeujua mto pale konani. Nikainua mkono kabla sijafikiri.

Niliujua. Upande wa mama maji hutulia, yanazunguka polepole na kuacha tope laini, na ndiyo maana nduma ziliota vile. Upande wa changarawe maji hukimbia, na ndiyo maana pana changarawe. Mtu yeyote aliyewahi kutumbukiza mguu pale angekwambia. Kidole changu kilitakiwa kwenda kulia, upande wa mama. Akilini niliyaona yale majani mapana yakiwa meusi, nikaona gambuti za watu katikati yake, na kidole kikaenda kushoto.

"Hapa," nikasema. "Maji hutulia hapa, na lori linafika."

Mwosha magunia aliinama kuitazama ramani. Kisha akanitazama.

"Lakini madam, hapo kwangu maji inakimbia..."

"Inategemea msimu," nikamkata. "Nimekulia kwenye mto huu. Kiangazi kasi inapungua, mkondo unahamia upande wa pili."

Nilisema haraka, kwa sauti ya ofisini, nikiwa na tisheti ya kampuni na kalamu mkononi. Mkondo hauhami. Yeye alikuwa na leso na viatu vya plastiki, na alikuwa amealikwa kwa sababu barua ilitaka wakazi wawepo. Akafunga mdomo. Mkufunzi alitutazama sote wawili, akaona mmoja ana uhakika na mwingine kanyamaza, akachomeka pini nyekundu kwenye changarawe.

Nilielewa vizuri nilichofanya. Nilikuwa nimechukua mahali ambapo mwanamke aliye hai hupata riziki, nikapatoa ili kuokoa mahali ambapo mama yangu, ambaye hayupo, aliwahi kuinama. Nilijituliza kwa kusema mafuta hayatakuja. Mafunzo mengi huishia kwenye cheti na picha ya pamoja.

Siku ya mwisho tulipelekwa Soko la Burma kula nyama choma. Mwosha magunia alikaa kando yangu. Nyama ilipokuja kwenye ubao alisukuma vipande vya mbavu upande wangu, akaniambia nikule, nimekonda. Nilimuuliza habari za watoto wake, za kwao, za mahindi, za kila kitu isipokuwa mto. Alijibu yote kwa upole. Nilikula bila kusikia ladha.

Miezi ilipita. Niliendelea kwenda kwa nduma kila Jumamosi, lakini sasa nilipalilia nikiwa nimeupa mto mgongo, nisije nikamwona ng'ambo akianika magunia yake akanipungia mkono. Alinipungia hata hivyo. Siku moja nilijifanya sijamwona, na nikajichukia hadi Jumatatu.

Halafu Jumanne moja asubuhi simu ililia ofisini. Lori lililobeba mafuta mazito, yale meusi ya kuchomea tanuri za viwanda, lilikuwa limepinduka barabarani na mtaro umeanza kuyabeba. Wazimamoto walikuwa wa kwanza kufika. Niliambiwa baadaye kwamba kijana wao mmoja alikwisha fungua mpira wa maji, na yule mkubwa wao mbishi akamrukia akaufunga kwa mikono yake. Wakaziba mtaro kwa magunia ya maranda. Kama si hilo, mafuta yangekuja yote. Yalikuja sehemu tu, lakini sehemu hiyo ilitosha.

Mimi na wazimamoto wengine tulifika konani kabla ya mafuta. Nyoka alishushwa kutoka kwenye lori, kamba zikavushwa, na ng'ambo nikamwona mwenzangu anakuja mbio kutoka kwenye magunia yake, sketi ameikunja, akashika ncha yake bila kuambiwa. Tulifunga kama ramani ilivyosema: mimi juu kwenye upande wa mama, yeye chini kwenye changarawe, ili mafuta yateleze yaende kwake. Kisha yeye akaondoa magunia yake kwenye changarawe ili kutupa nafasi. Nilimwona akiyabeba kwa makumi na kuyatupa juu ya ukingo, mabichi, ya kazi ya asubuhi nzima. Hakulalamika.

Mafuta yalikuja yakiwa kimya. Maji yalibadilika rangi, kisha yakawa mazito, na harufu ikatupanda kichwani. Yalimkuta nyoka yakateleza kuelekea upande wake kama tulivyofundishwa, na kwa dakika moja nilifikiri labda uongo wangu utageuka kuwa kweli. Lakini yalipofika kwenye mkondo wenye mbio yalianza kuvutwa chini. Nyuma ya nyoka, kwenye maji yaliyotakiwa kuwa safi, yalizuka mabaka meusi, moja, mawili, kisha mengi yakishuka kuelekea kwenye mashamba ya watu wa chini.

"Madam!" akaita. "Inapita!"

Kisha akatulia, kamba mikononi, akinitazama. Hakuonyesha kwa kidole mahali pengine. Hakunikumbusha kitu. Wazimamoto walikuwa wanakimbia huku na huku wakiuliza kama waongeze nyoka wa pili, na hapakuwa na nyoka wa pili. Mimi peke yangu nilikuwa na jibu, na nilikuwa nimesimama juu yake.

Nilitazama zile nduma. Zilikuwa zimestawi mwaka ule kuliko miaka yote tangu alipofariki. Nilitaka mtu mwingine aseme. Nilitaka mkubwa wa wazimamoto anipigie kelele, anipokonye kamba, ili isiwe mimi. Nikasikia sauti yangu ikitoka kali, kama ninavyowafokea watu wa ghalani.

"Tunageuza. Mafuta yaje huku kwangu."

"Ramani inasema kule," mzimamoto mmoja akaniambia.

"Ramani niliidanganya mimi. Maji yanatulia huku. Fungueni kamba."

Nilimpa mwenzangu ishara kwa mkono: panda kuelekea mto unakotoka. Akaelewa mara moja. Yeye alianza kutembea kwenda juu kwenye changarawe akivuta ncha yake, na mimi nikaanza kushuka na yangu, wazimamoto wakitusaidia kuishikilia, hatua kwa hatua, tukitazamana juu ya maji ili nyoka asilegee. Kila hatua yangu ilinisogeza kwa mama. Nilifika kwenye majani, nikaingia kati yake, nikayavunja kwa magoti, na palipokuwa na tope laini kabisa nikawaambia wachomeke kigingi. Walikipigilia kati ya nduma mbili kubwa. Nilifunga kamba mwenyewe.

Mafuta yakageuka. Yalikuja kwangu polepole, kwa utulivu, yakajikusanya kwenye majani, yakapanda mashina, yakajaza kila nafasi niliyoipalilia. Nyuma ya nyoka maji yalianza kurudi kuwa maji. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nalia, na kwa kuwa moshi wa lori la kunyonya ulikuwa umetufikia, hakuna aliyeuliza.

Udongo ulioingiwa na mafuta hauachwi. Unachimbwa wote, na kila kilichoota humo kinaondoka nao, hakuna cha kula wala cha kupanda tena. Siku ya pili kampuni ya kuchimba ilileta vibarua, nikawaambia kona ile waniachie. Niling'oa mwenyewe, nikiwa na glavu na jembe. Mizizi ilitoka minene, myeusi kwa nje, na nilipokata mmoja kwa jembe ndani ulikuwa bado mweupe. Niliutia kwenye gunia kama mingine.

Nilipoinua kichwa, mwosha magunia alikuwa amevuka daraja, amekuja na jembe lake. Alianza mstari wa pili bila salamu. Tulichimba kwa muda.

"Ulijua nadanganya," nikamwambia.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilianza kusema, ukanifunga mdomo." Alirusha mzizi kwenye gunia. "Halafu nikaangalia kidole yako, nikaona imeogopa kuenda wapi. Mathe wako nilimwona akizipanda hizi. Nikasema wacha tu, pengine mafuta haitakuja."

"Ungepoteza mahali pako."

"Ningehama. Changarawe iko mingi." Akapangusa jasho kwa kiwiko. "Si kitu, sista. Yameisha."

Wiki iliyofuata mkufunzi alikuja kutoka Mombasa, tukakaa tena mezani kupitia mambo yalivyokwenda. Nilisimama nikasema yote mbele ya watu: kidole, uongo, na jinsi nilivyomkata mwenzangu maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mkufunzi alinisikiliza hadi mwisho, akaing'oa pini kutoka kwenye changarawe na kuichomeka upande wa pili. Akasema kosa ni lake pia, kwa sababu alimwona mtu akinyamazishwa naye akaendelea. Akasema nilifanya jambo zito na akanishukuru. Mkubwa wa wazimamoto alinipa mkono. Meneja wangu aliandika barua ya kunisifu, ikabandikwa karibu na saa ya ukutani. Kila mtu alikuwa mwema kwangu, na kila wema ulinizidishia uzito kifuani.

Jumamosi nilishuka mtoni kwa mazoea ya miguu. Palikuwa shimo, maji yameanza kuingia, tope limelainika upya. Niliweza kuona ng'ambo vizuri sasa kwa kuwa hapakuwa na majani. Nilisimama ukingoni nikamwambia mama kwa lugha ya nyumbani kwamba mafuta hayakujiendea yenyewe kwenye nduma zake. Mimi ndiye niliyeyaelekeza, kwa mkono wangu, na kabla ya hapo nilikuwa nimemdhulumu rafiki yake ili nisiyaelekeze. Nilimwambia lote kwa mpangilio, kama ripoti.

Kisha nikangoja. Sina aibu kusema nilingoja kweli, nimeinamisha kichwa, kama nilivyokuwa nikingoja mlangoni na miguu yenye tope. Wote walikuwa wamenisamehe. Aliyebaki ni yeye tu, ambaye angenisema njia nzima hadi Tena, kwa nduma na kwa rafiki yake, kisha akaanza upya mlangoni. Hakuna kitu duniani nilichokitaka kama hicho. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo, na mto ukaendelea kupita, na hakuna aliyenigombeza.